GARI LA SHEMEJI LINA PEDALI YA KUSHOTO

"EMLYYYN! BREKIII!"

Huyo ni mke wangu, Eleri. Alipiga kelele katikati ya umati uliokuwa kimya kabisa.

Nilikanyaga kwa miguu yote miwili. Kwa nguvu zangu zote!

Gari likaruka MBELE!

Jamani... mbele!

Na mbele yangu kulikuwa na nini? Mnara wa mashujaa wa vita. Kuuzunguka mnara, mji mzima! Vichwa vimeinama, kofia zimevuliwa, maua mekundu ya kumbukumbu vifuani.

Ilikuwa Jumapili ya Kumbukumbu, saa tano kamili asubuhi. Kwetu huku Wales, saa hiyo ndiyo ya dakika mbili za ukimya. Hakuna anayekohoa. Mama mwenye mtoto anayelia huondoka naye mbali.

Mimi naingia na redio inaimba!

Mzee Mostyn, mshika bendera wetu, ana miaka themanini na kitu na nyonga ya chuma. Sijawahi kumwona hata akiharakisha. Siku hiyo aliruka pembeni, bendera na yeye, hadi kofia ikabaki hewani.

Nikapita alipokuwa amesimama. Nikapanda juu ya mashada ya maua. Nikagonga ngazi ya mawe ya mnara... PAAAH!

Boneti likanyanyuka. Buti likafunguka lenyewe. Vikaanza kumwagika: mashine ya kukata nyasi, birika la chai lisilo na mfuniko, taa za Krismasi, fimbo za kuvulia samaki.

Vyote juu ya maua ya mashujaa.

Redio bado inaimba!

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini ndugu zangu, ningevunjika hata mbavu nisingesikia uchungu niliousikia pale. Maana hilo gari halikuwa langu. Lilikuwa la shemeji yangu Gethin, mwanajeshi aliyeacha mguu wake wa kulia Afghanistan. Serikali ndiyo iliyomwezesha kulipata.

Na yeye, siku yake kubwa kama ile, hakuwemo ndani.

Tulieni niwaeleze. Matusi wekeni akiba, mtayahitaji mbele.

*

Gethin ni kaka wa mke wangu. Alikwenda vitani akiwa winga bora wa raga katika bonde letu lote. Akarudi kwa ndege ya wagonjwa. Bomu la kutegwa ardhini.

Mke wake, Delyth, alivumilia, wakashindwana, akahamia mji wa Brecon na binti yao Lowri. Sitamlaumu Delyth. Anayestahili kulaumiwa kwenye simulizi hii ni mmoja tu, na ndiye anayewaandikia.

Sasa, mtu aliyeumia vitani kiasi kile serikali humsaidia usafiri. Kwenye pensheni yake kuna posho ya usafiri, na ile posho ndiyo inayolipia gari. Kodi ya barabara amesamehewa. Bima imo humo humo. Hata kulibadilisha gari limfae, wanabadilisha.

Hapo ndipo pedali inapoingia, nisikilizeni vizuri.

Gethin hana mguu wa kulia, ana wa bandia, na wa bandia hausikii unakanyaga nini. Kwa hiyo gari lake ni otomatiki, na lina pedali ya mafuta upande wa KUSHOTO wa breki. Ina bawaba. Akiendesha yeye, ya kushoto inashushwa na ya kulia inakunjwa, haifanyi kazi. Akiendesha mtu wa miguu miwili, unaikunja ya kushoto juu, ya kulia inarudi.

Kitu cha sekunde tu. Unainama, unageuza, unaondoka.

Mwanzoni dereva msaidizi nikawa mimi, kwa moyo safi, sijisifu. Mimi ni dereva wa gari la kusambaza mikate, barabara zote za huku nazijua. Nikawa nampeleka hospitali, nampeleka kuogelea, namfuata Lowri Brecon.

Kisha gari langu mwenyewe likafa.

"Shem, naomba la kwako nikimbie dukani."

"Chukua."

"Shem, kesho nalihitaji kidogo asubuhi."

"Chukua bwana, mbona unaomba kama mgeni?"

Baada ya muda nikaacha kuomba. Funguo zikahamia mfukoni mwangu. Kila Jumapili alfajiri nilijaza buti vitu vya mitumba, nikaenda kwenye gulio ambapo watu wa huku huuzia vitu nyuma ya magari. Naegesha karibu na lango, sehemu ya walemavu, na kibandiko cha Gethin kiooni!

Mlemavu mwenyewe yuko nyumbani anaangalia mvua dirishani.

Kiti chake cha magurudumu nilikitoa kwenye buti nikakiweka kibandani nyuma ya nyumba. Kilikuwa kinakula nafasi.

Mmeshaanza kutukana? Bado!

Siku moja Gethin akaniambia, "Shem, nafikiria kuanza kuendesha mwenyewe."

Akianza kuendesha, mimi na gulio langu basi!

Nikavaa sura ya huruma.

"Shem... mteremko wa mtaa wetu unauona? Mvua, barafu... Mguu ukikukatalia katikati? Umkanyage mtoto wa mtu?"

Akautazama mguu wake.

"Mimi nipo," nikamwambia. "Hujanichosha."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona kitu kimezimika usoni mwake. Nilikiona, ndugu zangu! Siwezi kusema sikukiona. Nikaenda kunywa chai.

Na kila alipoligusa tena jambo hilo, nikamtia hofu upya. Miaka mitatu.

Na mji je? Mji ulinipenda! Kwenye klabu ya maveterani silipi bia. "Huyo Emlyn, kaacha maisha yake amhudumie shemeji yake." Mzee Mostyn alikuwa akinipiga begani: "Kijana, wewe ni mtu." Na mimi naangalia chini kwa unyenyekevu, mkono ukienda kwenye glasi.

*

Sasa, vuli ile Delyth akapiga simu. Nilikuwepo, Gethin aliweka spika.

"Geth, mimi kuleta mtoto kila mara siwezi tena. Huyo Emlyn wako anasema anakuja, hatokei. Lowri anakaa na begi mlangoni kama yatima."

"Delyth..."

"Usiniombe radhi. Ikifika Krismasi huna namna ya kumfuata mwenyewe, habari ya wikendi iishe. Ana miaka kumi na tatu, anaumia."

Gethin akaangalia meza. Mimi nikaangalia dari. Jumamosi zile nilikuwa naweka bei kwenye mabirika.

"Nitapata namna," akasema.

Nikajua anamaanisha mimi. Nikaapa moyoni nitajirekebisha, baada ya Krismasi, maana kabla ya Krismasi gulio huchanganya.

Jumapili ya Kumbukumbu ikafika. Mwaka huo Gethin ndiye aliyechaguliwa kuweka shada la mji. Miaka yote alikuwa anakataa. Hataki kuonekana anachechemea mbele za watu. Safari hii akakubali.

"Emlyn," akaniambia tangu Ijumaa. "Jumapili gari liwe hapa mapema. Nakuomba."

"Shem! Siku kama hiyo? Niamini."

Nilikwenda gulioni.

Nilijiambia nitawahi kurudi. Nikarudi tumeshachelewa, Eleri na Lowri, aliyekuja wikendi hiyo, wameshashuka mnarani kwa miguu. Gethin yuko mlangoni kwake, suti nyeusi, nishani zimepangwa kifuani, viatu vinang'aa. Kimoja kati ya hivyo viatu kina mguu wa plastiki ndani. Alikuwa amevipiga kiwi vyote viwili sawasawa.

"Nivumilie shem, nibadilishe shati, tuondoke!"

"Nenda," akasema. Hakuwa na hasira. Nilishangaa. Alikuwa kama mtu mwenye siri tamu.

Nikaacha funguo garini, nikakimbilia kwangu, nyumba ya pili. Huku navaa shati, simu ikaita.

"Wewe wa mashine ya kukata nyasi? Niko kona ya kanisa kama tulivyokubaliana. Nakungoja kidogo tu, naondoka."

Mashine! Ilianzia butini, mpini umelala hadi kwenye kiti cha abiria. Hata Gethin asingepata pa kukaa. Nikapiga hesabu zangu za kijinga: nishuke, nimpe jamaa mashine yake, nirudi nimchukue Gethin. Fasta.

Nikatoka mbio. Mlango wa Gethin uko wazi, mwenyewe hayupo, nikadhani kaenda chooni. Nikaruka garini, nikawasha, nikatia gia, nikaachia handibreki.

Mtaa wetu ni mteremko mtupu. Gari linashuka lenyewe, mguu wangu wa kulia ukiwa kwenye breki tu. Mafuta hata sikuyahitaji.

Kwenye kioo nikamwona Gethin katoka nje, shada mkononi. Anapunga mkono. Anapiga kelele. Akaanza hata kukimbia, jamani, yule mtu alijaribu kukimbia!

Nikasema, mwone huyu, ananigombeza. Nikaongeza redio.

Chini barabara imefungwa kwa koni. Nikazipita pembeni. Kibandiko cha walemavu kipo kiooni, nani atanisimamisha? Nikakata kona ya kanisa... na mji wote huu hapa!

Mzee Mostyn kasimama barabarani, kanipa mgongo, bendera ameishusha.

Hapo ndipo Eleri alipopiga kelele.

Mimi wiki nzima naendesha gari la mikate lenye klachi. Ukishtuka kwenye gari lile, miguu yote miwili inashuka pamoja, kulia breki, kushoto klachi. Haisubiri kuulizwa.

Wa kushoto ukawahi. Ukashuka na uzito wangu wote juu ya pedali.

Haikuwa klachi.

Ilikuwa pedali ya mafuta ya Gethin. Imeshushwa!

*

Mtu fulani akanyoosha mkono dirishani akazima redio. Sijui alikuwa nani. Ukimya ukarudi, na huo ulikuwa mbaya kuliko kelele.

Nikatoka. Shati limefungwa vibaya, kifungo kimoja kimepitiliza. Mzee Mostyn anasaidiwa kuinuka, anatafuta kofia yake katikati ya taa za Krismasi.

Watu hawakunitukana. Laiti wangenitukana! Waliniangalia, wakaangalia ile mashine ya kukata nyasi, wakaniangalia tena. Unawaona kabisa wanavyoelewa kidogo kidogo.

"Gethin yuko wapi?" akauliza mchungaji.

Kabla sijajibu, kichwa kimoja kikageuka kutazama mlimani. Kisha kingine. Kisha vyote.

Gethin alikuwa anashuka.

Kwa miguu. Mteremko ule! Mkono mmoja ameshika kuta za nyumba za watu, mkono mwingine shada. Kila hatua mguu wa bandia unatangulia, anasimama, anajikaza, anavuta mwingine. Hakuna kiti cha magurudumu cha kumfuata, kiko kibandani kwangu kimeota kutu.

Mji mzima ulisimama ukimsubiri mtu mmoja ashuke. Mimi nilisimama katikati yao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ikagoma.

Alipofika, jasho linamtoka, mguu wa suruali una damu. Kisiki cha mguu wake kilikuwa kimechubuka. Akanitazama juu hadi chini.

"Umeumia?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza, ndugu zangu. Umeumia?

"Hapana," nikasema.

Askari polisi wa kike akasogea. "Dereva ni nani?"

"Mimi."

"Ilikuwaje?"

Na hapa... hapa ndipo naomba mnisamehe, au msinisamehe, shauri yenu. Macho ya watu wote yapo kwangu. Bia zote nilizokunywa bure zinanitazama. Nikatafuta pa kujificha.

Nikamnyooshea kidole Gethin.

"Pedali! Pedali ya kushoto ilikuwa imeshushwa! Mimi huwa naikunja. YEYE ndiye aliyeishusha! Muulizeni! Ametaka kuniua!"

Eleri akaziba mdomo kwa mkono.

Askari akamgeukia Gethin. "Ni kweli?"

Gethin akaangalia maua aliyoshika.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Niliishusha mimi. Nikarudi ndani kuchukua shada. Nilipotoka, gari linaondoka. Nilimwita."

"Kwa nini uliishusha?"

Akamtafuta mtu mmoja kwenye umati. Lowri alikuwa mbele kabisa, kabana koti lake.

"Nilitaka kuja naendesha mwenyewe."

"Baba?" Lowri akasogea. "Unaendesha?"

"Nimejifunza, mwanangu. Kila Jumanne anko wako akiwa kazini. Mwalimu anakuja na gari lenye pedali kama hii. Nimefaulu wiki iliyopita. Nilitaka uwe hapa unione nafika, halafu jioni nikurudishe Brecon mimi mwenyewe, mama yako aone." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Ilikuwa zawadi yako."

Lowri akaanza kulia.

Mnaelewa nilichofanya? Sikuvunja gari tu. Siri aliyoilinda kwa miezi, aliyoivalia suti na kuipigia viatu kiwi, nimeirarua mimi, mbele za watu, kwa kidole changu. Ili nijiokoe!

Lowri akageuka kwangu. Hakupandisha sauti.

"Anko Em, ulituambia baba hawezi. Ulisema daktari kakataa."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Niliwahi kumwambia mtoto uongo huo siku niliyoshindwa kumfuata.



Gethin akampita askari, akanipita mimi, akapanda ngazi iliyogongwa na gari lake mwenyewe. Akaweka shada pale palipobaki nafasi. Akarudi hatua nyuma, akapiga saluti. Mpiga tarumbeta, ambaye wakati wote huo alikuwa hajui afanye nini, akainua tarumbeta akapiga.

Ni mimi peke yangu niliyesimama upande wa pili, karibu na birika langu.

*

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja anayeitwa Bi Prosser, anatoka kwenye mpango wa yale magari. Mpole, lakini maswali yake hayakwepeki.

Eleri alikuwa jikoni anachemsha maji. Mimi na Gethin tumekaa kwenye kochi moja, kila mmoja pembeni kwake.

"Bwana Gethin, sheria unaifahamu. Gari hili ni kwa faida yako. Kama ulilikabidhi kwa mtu alifanyie biashara zake, itabidi tulichukue."

Gari likichukuliwa, Brecon haifikiki. Krismasi inakuja. Lowri basi.

"Kila Jumapili lilikuwa gulioni. Watu wamelitambua," Bi Prosser akaendelea. "Ulikuwa unajua?"

Gethin akanitazama. Nikajua hesabu anayoipiga. Akisema alijua, anapoteza gari. Akisema hakujua, mume wa dada yake yuko matatani.

"Nilimpa mimi," akasema. "Alikuwa na shida. Nilaumuni..."

"Anadanganya," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Emlyn, kaa kimya."

"Sikai kimya shem, nimekaa kimya vya kutosha. Mama, alinipa nimpeleke hospitali na nimfuatie mtoto wake. Gulio sikuwahi kumwambia. Nilimwambia gari liko gereji. Nilimwambia nampelekea mgonjwa dawa. Na alipotaka kuendesha mwenyewe, nilimtisha. Nilimwambia ataua mtoto wa mtu... ili gari libaki kwangu."

Jikoni maji yalikuwa yanachemka, hakuna aliyeyazima.

Eleri akatokea mlangoni. Alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, akarudi jikoni, akafunga mlango. Afadhali angenimwagia lile birika.

Bi Prosser akavua miwani. "Jina lako linatoka kwenye orodha ya madereva wa gari hili kuanzia leo. Hutaugusa usukani wake tena."

"Sawa."

"Na hili la ajali, mahakama itakuita."

"Sawa, mama."

Gari likabaki kwa Gethin. Likatengenezwa, na kabla ya Krismasi akaenda Brecon. Mvua ikinyesha, kwenye mteremko wetu, mwenyewe. Delyth alisimama mlangoni hadi akasahau kufunga mlango, Lowri ndiye aliyetuhadithia.

Mimi mahakama ikaninyang'anya leseni mwaka mzima. Kwenye mikate wakanitoa barabarani, wakanipa kuosha trei. Klabuni nikiingia watu hawahami, hapana, sisi si wabaya hivyo. Mazungumzo tu ndiyo yanahama. Na bia yangu najilipia.

Mashada yote niliyoyaponda niliyatengeneza upya kwa mkono wangu, mezani kwa Mzee Mostyn, akinikosoa kila ua.

"Hilo limepinda, kijana."

"Ndiyo, mzee."

"Hukuona aibu kupindisha makubwa, hili dogo utalinyoosha."

*

Wiki tatu zilizopita nilikuwa kituo cha basi, mvua ya Wales, ile inayonyesha ubavuni. Gari likasimama. Nalijua hata nikifumba macho.

Kioo kikashuka. Gethin kwenye usukani, Lowri pembeni yake anakula chipsi.

"Panda, shem."

"Nitasubiri basi."

"Basi limeharibika huko mjini Pontypridd. Panda, usinifanye nikubebe, mimi mlemavu."

Lowri akacheka hadi chipsi zikampalia. Nikapanda nyuma. Butini nikaona kiti cha magurudumu, kimesuguliwa kutu yote. Nilikisugua mimi, ile wiki ya Bi Prosser.

Akaendesha. Jamani, anaendesha vizuri kuliko mimi. Mguu wa kushoto unacheza pale chini kama ndio uliozaliwa kwa kazi hiyo.

Nikashindwa kuvumilia.

"Shem, nikuulize. Siku ile kwa Bi Prosser, kwa nini ulitaka kunibeba? Baada ya yote yale?"

Akanitazama kwenye kioo.

"Unataka ukweli?"

"Ndiyo."

"Gulio nilikuwa najua tangu mwaka wa kwanza. Vikaratasi vya bei za mabirika ulikuwa unaviacha chini ya kiti, bwege wewe."

Nikasogea mbele kwenye kiti.

"Ulijua? Ukanyamaza?"

"Niliporudi kutoka vitani, kila mtu alinionea huruma. Mama, dada yangu, mchungaji, hadi watu barabarani. Wananiongelesha kwa sauti ndogo. Wewe tu..." Akatabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Wewe uliniibia kama unavyomwibia mtu mwenye miguu miwili. Nikajiona mzima. Nikaogopa nikikufukuza nitabaki na wale wa huruma."

Lowri aliacha kutafuna.

"Ule uongo wa daktari kwa mwanangu, huo ndio sikuujua," akaongeza. "Huo bado sijaumaliza, Emlyn. Sijui kama nitaumaliza."

Alinifikisha hadi nyumbani. Nilishuka, nikabaki nimesimama kwenye mvua. Bora angenipiga ngumi.

Ndugu zangu mnaosoma, sina somo refu. Kama kuna mtu unamsaidia, baba, shemeji, jirani, yeyote, jiulize swali moja tu: kwa huo msaada wako, nani anafika anakotaka kwenda? Ukikuta anayefika kila siku ni wewe, rudisha funguo. Rudisha leo, kabla hazijachukuliwa mbele za watu.

Jumapili hii ni Kumbukumbu tena. Nilimwomba Mzee Mostyn anipe kazi yoyote. Akafikiri, akacheka mwenyewe, akanipa: nisimame barabarani kulinda zile koni.

Gari moja tu ndilo limeruhusiwa kupita, la mtu anayewaleta wazee wasioweza kutembea. Nimeshaambiwa namba yake, kana kwamba siijui.

Nitaisogeza koni, apite.